Punguzo la Kambale

Riziki wangu,

Mambo ya blanketi, ya dawa ya malaria na ya kufunga mlango kwa komeo, mama yako ameshayasema, tena kupita kiasi, na mimi sitayarudia. Namna ya kuficha pesa safarini anaijua kuliko mimi. Kwangu limebaki neno moja tu, lile ambalo nyumba nzima imelisubiri wiki hii, na bado sijalitamka. Kesho unaenda Kampala kufanya kazi kwenye depo ya magari ya Kambale, na baba yako hajakupa baraka.

Wewe umedhani nimenuna kwa sababu unahama nyumbani. Mdogo wako anadhani ni tumbo linaniuma. Si hayo. Nina wivu. Naliandika kwa kalamu kwa kuwa kwa mdomo limekataa kutoka. Namwonea wivu Kambale, nimemwonea tangu hujaanza shule, na juzi ulipofunga mizigo yako ukasema, "Papa Kambale ananiambia kule kuna baridi asubuhi," nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Najua ni heshima tu. Kwetu kila mwanaume mwenye mvi ni papa. Lakini nilihesabu ni wapi pengine wiki hii umetamka hilo neno kwa sauti tamu namna ile, na sikupapata.

Ngoja nikueleze, maana si haki uondoke na baba aliyenuna bila kujua amenunia nini.

Unajua kwamba wanaume wa mitumbwi pale Kituku, ufukweni mwa ziwa, wananiita Papa Bei Yote. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni jina la mtu mkubwa, na mimi nilikuacha udhani hivyo. Hata shuleni uliwahi kuliandika, mwalimu akakuuliza lina maana gani.

Mimi nimezaliwa Rutshuru, kwa mtu wa ng'ombe. Babu yako akiuza ng'ombe alitaja bei mara moja, kisha akaendelea kuchonga fimbo yake. Ukibishana naye, mnyama alirudi zizini na wewe ukarudi kwenu. Akinunua ilikuwa vilevile: aliuliza, akalipa au akaondoka. Kwake kuomba kupunguziwa ilikuwa sawa na kujivua nguo mbele ya watu, na sisi watoto wake tulikua tukijua hivyo. Sasa mtoto wa mtu huyo akaenda akaoa binti wa Butembo! Mama yako hawezi kununua kibiriti bila kuulizia cha pili cha bure. Ndugu zangu walinicheka mpaka siku ya harusi. Kaka yangu mkubwa alisema, "Huyu atakuuzisha ukiwa umelala, na utaamka uko kwa mutu mwingine." Nilicheka nao. Nilimpenda hivyohivyo, na mdomo wake nilipenda kuusikia sokoni, mradi anaongea na wanawake wenzake.

Miaka ile nilikuwa nabeba samaki kutoka Vitshumbi kwa magari ya watu. Nusu ya faida ilibaki kwa mwenye gari, na nusu ya nusu ilibaki kwenye vizuizi vya njiani. Mama yako alikuwa na meza yake ya samaki hapa Goma, mtaani Mabanga. Tuliweka kidogo kidogo mpaka siku aliyosema inatosha, tununue kamioneti, gari dogo la mizigo, yetu wenyewe, na iwe mpya, maana zile kuukuu za watu tulikuwa tumeshazizika nyingi kwenye matope. Vita vilikuwepo, kama kawaida. Barabara ya Rutshuru ilikuwa na mahema ya wakimbizi kushoto na kulia. Lakini mapigano yalikuwa mbali kidogo, na hapa kwetu yakiwa mbali kidogo watu wanasema kuna amani, wanajenga na wananunua magari.

Mama yako alianza kazi kabla yangu. Alimtuma rafiki yake aende kwa Kambale, ambaye wakati huo depo yake ilikuwa hapahapa Goma, aulize bei, ajifanye ni yeye anayenunua, ili tujue mwanamke aliyekuja peke yake anatajiwa ngapi. Kisha akanipa mimi sharti moja tu: nisiiangalie ile kamioneti. "Utaangalia ile ingine, ile ya bulee," aliniambia. "Hata uikasirikie. Lakini ile nyeupe usiiguse."

Tulifika. Nyeupe ilikuwa mbele kabisa, viti bado vina nailoni. Nilijaribu, Riziki, Mungu ananiona. Niliangalia ile ya bluu muda wa kusema Salamu Maria moja. Kisha nikajikuta nimefungua mlango wa ile nyeupe, nimekaa, nimeshika usukani, nanusa ule upya wake. Kambale aliniona. Mama yako naye aliona kwamba Kambale ameniona, na akafumba macho kidogo.

Hata hivyo hakukata tamaa. Aliuliza, "Iyi bei, plake na duane viko ndani?" Hapo jifunze, ingawa sasa utakaa upande wa pili wa meza. Muuzaji mjanja anakupunguzia mlangoni na kukuongezea dirishani: bei ya gari inashuka, kisha namba za gari na ushuru wa forodha vinapanda, na mteja anakwenda nyumbani akijisifu. Kambale akasema viko ndani. Mama yako akauliza swali ambalo mimi sikujua hata kama lipo.

"Na ile kiwanda ilikupunguzia weye, inabakia kwa nani?"

Kambale akaweka kalamu chini. "Mama, nani alikuambia kiwanda inanipunguzia?"

"Mie nauza samaki. Muvuvi akinipunguzia juu samaki zimekuwa mingi, mununuzi wangu anajua mbele yangu. Magari zake zimekuwa mingi hapa, naona."

Kambale alicheka. Akamuuliza kwao ni wapi. Mama yako akasema Butembo, akataja na mtaa. Kambale akapiga paja lake, na kuanzia hapo wakahamia kwenye Kinande, lugha ya kwao.

Mimi Kinande ninajua salamu na majina ya vyakula. Nilikuwa nimekaa palepale, pesa yangu mfukoni, na nikawa nimetolewa nje. Waliongea. Kambale akaangalia upande wangu, akasema kitu. Mama yako akaziba mdomo kwa kitambaa na kucheka. Kicheko kile nilikuwa nakijua. Ni kile cha chini chini, kinachoanzia tumboni, na miaka yote nilikuwa nadhani ni cha nyumbani tu, kwamba hakijawahi kutoka nje ya mlango wetu. Nilitamani kuvunja kitu.

Ndipo Kambale akanigeukia na sura nzuri kabisa. "Muzee, nakuona uko mutu wa mupango. Juu yako weye, natoa dola mia tisa kwa bei. Na pneu ya sekur, ile tairi ya akiba, na kuijaza mafuta, ile ni matabishi yangu kwako."

Unajua matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji anakutilia bei ikishakubaliwa ili muachane vizuri. Hakuna mtu wa Goma anayekataa matabishi. Hata mtoto anayetumwa chumvi anasubiri apewe peremende. Lakini mimi sikusikia "juu yako weye", yaani kwa ajili yako. Nilisikia kwa ajili ya macho ya mke wangu. Niliona kwamba kila siku nikiwasha hiyo gari nitakuwa nimepanda kicheko chake na mwanaume mwingine.

Nikasimama. "Mie sikukuja kuomba. Nalipa bei yote."

"Muzee, siyo kuomba. Ni bei tunaongea tu."

"Nimesema bei yote."

"Na pneu?"

"Bakia nayo."

Wale makomisioneri wanaokaa getini, ambao wanakula sehemu ya kila gari linalouzwa, walinipigia makofi. Kadiri bei ilivyokuwa juu ndivyo na wao walivyokula. Kabla jua halijazama jina langu jipya lilikuwa limeshafika ziwani. Mama yako alisimama pale, kitambaa bado kiko mdomoni, na kicheko kimeisha.

Nilimngojea anisifu njiani. Ndiyo, cheka. Nilidhani mwanamke akiona mume wake amekataa kununuliwa ataona fahari. Aliangalia barabara mpaka tukafika Mabanga. Aliposhuka alifunga mlango taratibu, ni gari jipya, kisha akasema, "Basi. Kuanzia leo, tukiwa wawili, bei utakuwa unaongea weye."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Wewe umeishi ndani ya hasira hizo na ulidhani ndiyo desturi ya nyumba. Hukuwahi kujiuliza kwa nini mama yako, ambaye akiwa peke yake anarudi na unga kwa nusu ya bei, akiwa na mimi anaangalia mawingu? Tulienda kununua mabati, akaangalia mawingu. Kwenye maharage, kwenye dawa, kwenye viatu vyako vya komunyo, alisimama na kikapu chake kimya kama mgeni, na mimi nikalipa. Wauzaji walijua. Walikuwa wakituona wawili wananiamkia mimi kwa furaha kubwa. Na nikimtuma peke yake ilikuwa mbaya zaidi, maana akirudi na kitu rahisi nilikuwa namuuliza, "Nani alikupunguzia?" Siku moja aliweka mfuko wa foufou, unga wa muhogo, mezani akanijibu, "Bibi kizee mumoja, meno iko mbili. Umusikilie naye wivu." Niliona haya, lakini kesho yake niliuliza tena.

Nilimkataza kupita njia ya depo. Alinitii, na akawa anazunguka mbali na ndoo za samaki kichwani, na mimi nilimwacha azunguke. Wivu ni kidonda, wanasema, ukiushiriki utakonda. Mimi nilinenepa, yeye ndiye aliyekonda.

Kisha vita vikasogea. Hilo unalikumbuka kwa namna yako. Watu wa Rutshuru walianza kushuka na magodoro kichwani, kati yao jamaa zangu, na tulilala wengi ndani ya nyumba ile mpaka ukawa unalala juu ya meza. Mafuta yalipotea mjini. Wenye silaha walikuwa wakiona gari zuri wanalichukua pamoja na dereva wake. Ikabidi kuuza ile kamioneti haraka, kabla haijachukuliwa bure, tupate nauli ya boti ya kwenda Bukavu.

Mama yako akavunja kimya chake. "Mupelekee Kambale," aliniambia. "Bado ananunua. Yeye anajua bei ya hii gari, alikuuzishia yeye mwenyewe."

Nilimwambia heri niichome moto.

Nikaipeleka barabarani. Mtu mmoja nisiyemjua aliizunguka, akapiga gurudumu teke, akataja pesa ambayo haikufika robo ya ile niliyolipa. Nilisubiri aongeze. Naye alisubiri. Huko juu mizinga ilikuwa inasikika, na yeye alikuwa na muda kuliko mimi. Nikasema sawa. Akahesabu noti, kisha akatazama nyuma ya gari akaniomba na matabishi. Nikampa turubai langu la kufunikia samaki, lilikuwa jipya. Mimi niliyekataa kupunguziwa mia tisa na mtu aliyeniita muzee, nilimpunguzia mpita njia utajiri wetu wote, na turubai juu.

Pale Kituku watu walikuwa wengi hadi majini. Mwenye boti alitaja nauli, na ilikuwa karibu sawa na pesa yote ya gari. Nilimwangalia mama yako. Alikuwa na mdogo wako mgongoni, ana homa, na bado aliangalia upande wa ziwa. Alikuwa ametimiza neno lake miaka yote hiyo, na siku ile pia alilitimiza. Nikafungua mdomo nikubali.

Wewe ukanitangulia. Ulimshika yule mtu koti lake la mvua ukasema, "Papa, huyu mutoto hakai fasi, anakaa mugongo ya mama. Na mie nitakaa juu ya magodoro ya hawa watu. Basi tuko wawili tu. Lipisha wawili."

"Na weye uko hewa?" akakuuliza.

"Niko mwepesi. Nibebe uone."

Alikubeba kweli! Akakutikisa mbele ya watu, akauliza, "Huyu mutoto iko wa nani?" Akatulipisha wawili. Na mama yako akacheka. Katikati ya vilio vile, akacheka kile kicheko cha chini, mara ya kwanza tangu kwenye depo, akakuambia kitu kwa Kinande na wewe ukamjibu kwa Kinande.

Unajua nilisikia nini? Baba mwingine angemshukuru Mungu kwa mtoto wa namna hiyo. Mimi nilikaa kwenye boti mpaka Bukavu nikikuonea wivu, wewe mtoto mwenye kamasi, kwa sababu umekitoa kicheko kile kwa maneno matatu na mimi nilikuwa nimekaa nacho nyumba moja bila kukisikia. Ukanilalia mapajani na nikakufunika, lakini nilikuwa nimenuna. Nimenuna hivyo mara nyingi, mnapokaa wawili mnachambua sambaza, vile visamaki vya ziwani, na kuongea Kinande, mkacheka, halafu mmoja wenu akakumbuka kunitafsiria, na tafsiri haichekeshi.

Tulirudi, tukaanza upya na meza moja. Gari hatukununua tena. Kambale alihamisha biashara yake Kampala, na nilifurahi siku niliyosikia. Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa anakungojea ukue.

Wiki iliyopita, alipokuja Goma akakaa kwenye kiti changu, mvi kichwa kizima, akasema, "Nasikia mutoto wako anajua kuongea bei. Batu ya Goma na Beni wanakuya kule kununua magari, Kiingereza hawasikii, wanaibiwa. Nataka mutu wa kukaa nao," mama yako uso ulimng'aa. Wewe pia ulikung'aa. Nilikunywa chai yangu nikasema nitafikiri. Sikufikiri kitu. Nilikuwa naangalia kama mama yako atacheka.

Jana asubuhi alinikuta nje kwenye lile jiwe. Alikuja na ungo wake wa maharage, akakaa chini, akaanza kuchambua. Hakuniangalia.

"Unamukatalia mutoto juu ya ile siku?"

Niliokota harage lililoanguka nikalirudisha kwenye ungo.

"Papa Riziki. Miaka yote, hata mara moja haukuniuliza tulisema nini."

Ni kweli. Nilimuuliza nani alimpunguzia nyanya, nani alimpunguzia chumvi, lakini hilo sikuwahi kumuuliza, nilikuwa naogopa jibu. Jana nikauliza.

Akasema, "Nilimuambia: usinipunguzie mie, mupunguzie yeye. Bwana yangu anasikia haya ya kuomba, kwao hawaombaka. Sema ni weye umependa kumupunguzia, arudi kwa nyumba ameshinda."

"Na mulicheka nini?"

"Aliniuliza kama weye unajua uko na muke wa namna gani. Nikamuambia, hajue, na usimuambie."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunieleza siku ileile, kwa nini aliniacha nikiugua miaka yote. Akapuliza maganda ya ungo, akasema, "Ningekuambia kama nilikuombea? Ungenikufia pale pale." Kisha akanyanyuka akaenda kuweka maharage motoni.

Sasa ungedhani nimepona. Sijapona, Riziki. Amebadilika tu mtu ninayemwonea wivu. Namwonea yule mwanaume wa kwenye depo, aliyekaa kwenye gari jipya akinusa viti, na kando yake mke wake alikuwa anapigana kwa lugha nyingine ili yeye arudi nyumbani amesimama wima. Alipendwa vile na hakujua. Alikuwa mimi, lakini simfahamu, na nikimfikiria natamani kumtoa pale nikae mimi. Usiku wa leo namwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea Kambale.

Kuhusu kazi yako nitasema kidogo, maana wewe bei umeijua tumboni kwa mama yako. Watakuja mtu na mke wake kutoka huku kwetu. Mwanaume ataangalia gari moja tu, na hataomba kitu. Usimcheke. Usifurahie pia kwa ajili ya depo, ingawa unalipwa na depo. Mwangalie yule mwanamke, yeye atakuwa ameshaanza kazi. Akikuambia kitu pembeni kwa ajili ya mume wake, fanya vile anavyosema. Lakini ukimgeukia yule mwanaume kumpa punguzo lake, usimpe na sura nzuri ya ghafla kama aliyonipa Kambale, atashtuka. Mpe kwa kusitasita, kama mtu anayeumia, apate na yeye kukupokonya kidogo. Hilo ndilo kosa pekee la Kambale ninalolijua sasa, na nimelitafuta sana.

Kwake utakula, maana mke wake amesema utakaa nao. Utajua chai yao ina maziwa kiasi gani, na yeye atajua siku ukiumwa kichwa kabla mimi sijajua. Ataniambia kwenye simu, "Riziki wetu hajambo." Wetu! Nitamjibu vizuri. Nitamwita ndugu yangu. Nikikata simu nitakachofanya ni shauri langu.

Nenda, mwanangu. Baba yako amekubali. Nimekubali bila kupunguza kitu: nenda kwa moyo wote, fanya kazi kwa Kambale, umpende mke wake na umheshimu yeye mwenyewe, mwite papa kama unavyopenda. Mungu wa babu zako wa Rutshuru na wa Butembo atangulie mbele yako barabarani. Nikikuaga kesho kwenye basi nitakuwa na sura mbaya, usiijali, baraka iko hapa.

Tena kuna jambo hujalijua. Mama yako anataka kukusindikiza mpaka Kampala, akukabidhi mwenyewe kwa mikono ya watu hao. Jioni aliniuliza kama nitakuja nanyi. Begi langu nilikuwa nimeshalifunga tangu juzi kwa siri, nije nilinde. Nimelifungua. Nimemwambia aende peke yake, apite deponi, aongee na watu wa kwao Kinande mpaka ashibe, akae siku anazotaka.

Hizo siku nilizisema kwa mdomo tu. Wewe mwambie arudi upesi.

Papa yako